Lengo la kazi ambalo mama yako hawezi kuelewa

Someni hii sentensi pole pole, sawa vile tulikuwa tunasoma shairi ambalo mwalimu ataleta katika mtihani:

“Kijana dinamiki na motive, mwenye roho ya ekipe, anayeweza kufanya kazi chini ya presha, natafuta nafasi katika kampuni inayotazama mbele, fasi nitaweza kuweka ujuzi wangu kwa utumishi wenu na kuendelea katika kazi yangu.”

Nimeigeuza katika Kiswahili mimi mwenyewe, lakini kwa Kifaransa munaijua wote. Inakaaka juu ya CV, chini ya jina na namba ya simu, mbele ya masomo. Tunaiita objektifu profesyoneli, lengo la kazi. Mwenye lisansi ya sheria anaiandika, wa uchumi anaiandika, wa agronomia kama mimi anaiandika, na wote watatu wanaandika paka ile ile.

Mwaka uliopita nilisaidia shirika moja la wakulima kupanga madosie ya watu waliotaka nafasi moja tu, ya mwangalizi wa mashamba. Madosie yalijaza katoni mbili. Kufika dosie ya kumi, mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye meza alianza kuweka kidole chake chini ya ile sentensi, moja kwa moja kwenye masomo. Hakuwa anaikataa. Alikuwa anairuka tu. Mpaka mwisho wa katoni ya pili sikumuona anarudi juu isipokuwa mara mbili ao tatu, na kila mara ni ju jicho lake lilikamata neno la kweli: jina la mmea, jina la kijiji, hesabu ya hektari.

Njo maana nataka tuipige kritiki hii sentensi, sawa vile watu wanapiga kritiki kitabu ao filme. Ni maandishi mafupi, lakini kati ya vyote tunavyoandika kisha iniversite, pengine hakuna maandishi mengine tunaandika mara nyingi hivi, na hakuna mengine tunafikiria kidogo hivi.

Tuanze na neno “dinamiki”. Niambieni, nani aliandikaka kwenye CV yake kama yeye ni mzito? Niko na kipimo kimoja, munaweza kukijaribu hata sasa. Geuza sentensi yako. “Kijana mvivu, asiye na hamu, asiyependa ekipe, anayekimbia kazi ikiwa nyingi.” Kama sentensi iliyogeuzwa hakuna mtu duniani anaweza kuiandika, basi ile ya kwanza haikusema kitu. Haitengi mtu na mwenzake. Sasa jaribu na nyingine: “Najua kazi ya mahindi.” Geuza: “Sijui mahindi, najua kazi ya samaki wa bwawa.” Ona, hapa kuna watu wawili tofauti, na mwenye shamba la mahindi anajua nani wa kupigia simu.

“Chini ya presha.” Presha gani? Kwetu Lubumbashi mtu akisema presha, wengi wanafikiri ugonjwa wa mzee anayekunywa dawa kila asubuhi na kuacha chumvi. Kwa CV inataka kusema kazi nyingi na muda mfupi. Lakini kama ulishakuwa katika hali ile, sema hali yenyewe: ulipanda hektari ngapi mbele mvua haijakatika, ulisahihisha mitihani mingapi kwa siku ngapi. Na kama hujakuwa, neno lile ni ahadi bila rehani.

“Kampuni inayotazama mbele.” Hapa tunasifu mtu ambaye hatujui hata jina. Ni kama barua ya mapenzi inayoanza: mpenzi wangu, popote ulipo, kwa vyovyote unavyoitwa. Binti gani atajibu?

“Kuweka ujuzi wangu kwa utumishi wenu.” Kwangu hii njo inaumiza zaidi, ju ni fasi moja tu katika sentensi nzima mlango ulikuwa wazi. Ujuzi wangu... na msomaji anainua kichwa, anangoja: upi? Na sisi tunafunga mlango pale pale.

Mwisho, “kuendelea katika kazi yangu”. Ni haki yako kutaka kuendelea. Lakini mwenye kuajiri hajakuuliza bado. Ni sawa vile umefika kwa watu, hawajakukaribisha kiti, unauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Kwa hiyo sentensi ya mistari mitatu, na ndani yake hakuna kazi hata moja iliyotajwa, hakuna fasi, hakuna kitu mkono wako ulishafanya. Otografe iko sawa, virgule ziko sawa. Ni nyumba iliyopakwa rangi vizuri na hakuna mtu ndani.

Inatoka wapi? Nendeni kwenye sekretariati yoyote karibu na kampisi, zile meza zenye ordinatere moja, mashini ya fotokopi na mwamvuli. Unafika na diplome yako, unasema: nataka CV. Kijana wa pale anafungua CV ya mtu wa jana, anafuta jina, anaandika lako, anabadilisha mwaka wa kuzaliwa na shule. Lengo la kazi halimgusi, ju yeye anaona ni sehemu ya modeli, sawa vile mistari ya pembeni. Unalipa kwa ukurasa, unaenda. Simlaumu, anafanya kazi yake na anaifanya mbio. Lakini neno lako la kwanza mbele ya mwajiri limeandikwa na mtu ambaye hajui unajua nini.

Na wenye kuajiri wako na deni lao pia, tuseme kweli. Tangazo la kazi likitoka, linasema paka vile: anatafutwa mtu dinamiki, mwenye roho ya ekipe, anayeweza kufanya kazi chini ya presha, mwenye miaka 5 ya eksperiansi, na nafasi yenyewe ni ya mwanzo. Mtu anayeandika tangazo tupu asishangae kupokea katoni mbili za madosie tupu. Sisi tunamrudishia maneno yake mwenyewe, tukifikiri yeye njo anayapenda. Hayapendi. Aliyakopa kwenye tangazo la jirani.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Kipimo cha kwanza kilikuwa kugeuza. Kipimo cha pili ni cha nyumbani. Chukua lengo lako, liweke katika Kiswahili cha nyumbani, kile tunasema wakati wa kula bukari, na umwambie mama. Mama yangu anauza makala. Iniversite hakuingia, lakini ukimletea mfuko anajua kuuliza: mti gani, umechomwa wapi, umelowa ao haukulowa? Nikimwambia, “Mama, nataka kuweka ujuzi wangu kwa utumishi wa kampuni inayotazama mbele,” ataniangalia, kisha atauliza: “Sawa. Basi unajua kufanya nini?”

Lile swali njo swali la mwajiri. Tofauti ni moja tu: mama anauliza kwa sauti, mwajiri anauliza kimya na kufungua dosie ya mwingine. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kusahihisha lengo lako ni yule wa nyumbani ambaye hatakuonea haya. Kama yeye hakuelewa kazi gani unatafuta, usijidanganye kama mkubwa wa kazi ataelewa ju ana diplome.

Sisemi Kifaransa ni kibaya. Dosie zetu zitaandikwa kwa Kifaransa na lazima kiwe kizuri. Ninasema Kifaransa cha CV kimekuwa sawa koti la kukopa: kila mtu analivaa, halimtoshi mtu. Ukifikiri kwanza kwa Kiswahili, ao kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa lugha yoyote ambayo unaulizia bei sokoni, huwezi kujificha. Kwa lugha ya soko, hakuna “kuweka ujuzi kwa utumishi”. Kuna kupanda, kuhesabu, kutengeneza, kuuza, kufundisha, kuchunga. Chukua lile neno la kitendo, kisha ulipeleke katika Kifaransa pole pole, bila kulivua nguo njiani.

Kwa wenzangu wa agronomia nitatumia mfano wa kazi yetu. Mfuko wa mbegu iliyopitishwa na SENASEM unakuwaka na etiketi. Imeandikwa mmea gani, aina gani, kategori gani, namba ya loti, uotaji ni asilimia ngapi. Mkulima anasoma, anajua anunue ao aache. Pembeni, sokoni, kuna mfuko mwingine bila etiketi, na muuzaji anapiga kelele: mbegu nzuri! mbegu ya nguvu! Mbegu ile inaweza kuwa nzuri kweli. Lakini mkulima aliyelima msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwezi wa 11, hawezi kujaribu bahati yake kwa kelele. Akikosea, mwaka wote umeenda. Mwajiri pia yuko vile. “Dinamiki na motive” ni kelele ya muuzaji. Lengo la kazi lilipaswa kuwa etiketi.

Ao angalieni fishi teknike ya mahindi. Inasema santimita 75 kati ya mistari, 25 kati ya mashimo, mbegu moja kwa shimo, ni karibu mimea 53 000 kwa hektari. Hakuna profesa atakubali uandike: mahindi yapandwe kwa umbali mzuri na kwa moyo wa bidii. Angekupa sifuri. Miaka yote tulisomeshwa kutaja na kupima, kisha siku ya kujitaja sisi wenyewe tunaacha kipimo nyumbani.

Mtu atasema: lakini kwetu kujisifu ni aibu, njo maana tunaandika maneno ya jumla. Hapana. Kwetu kujisifu kulikuwa kazi ya mafundi. Waluba, wa Kasai na wa Katanga, wako na kasala, mashairi ya sifa yanayotolewa kwenye matanga, kwenye ndoa, kwenye mambo makubwa ya jamaa. Clémentine Faïk-Nzuji aliandika kitabu kizima juu yake, “Kasala, chant héroïque luba”, kilichotoka mwaka wa 1974. Mtu akisifiwa katika kasala hasifiwi hewani. Anatajwa jina na majina ya wakubwa wake, anatajwa ametoka wapi, anatajwa amefanya nini. Wasikilizaji wanajua ni yeye, haiwezekani kuwa mwingine. Kwa hiyo “kijana dinamiki” haitoki kwa desturi yetu ya heshima. Ni upungufu tu, na umevaa nguo ya unyenyekevu.

Basi lengo zuri liko namna gani? Kwangu linajibu maswali manne, kwa mistari miwili, mitatu ikizidi. Natafuta kazi gani, kwa jina lake? Najua kufanya nini kinachohusu ile kazi? Nani ao nini kinaonyesha kama ni kweli? Na hawa watu ninaowaandikia wako na shida gani?

Swali la nne njo tunalisahau zaidi, na linaomba kutafuta habari mbele ya kuandika. Mfano wa hapa kwetu. Kodi ya mines, ile ya 2002 iliyogeuzwa kwa sheria ya Machi 2018, inalazimisha kampuni ya mines kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji walioguswa na kazi yake, na kutia saini nao mkataba wa ahadi, ule tunaita kaye de sharji. Kilimo kinaweza kuwa kati ya ahadi zile. Sasa weka agronome wawili mbele ya kampuni moja. Wa kwanza anasema anatafuta kampuni inayotazama mbele. Wa pili anaandika hivi:

“Agronome A0, natafuta kazi ya mwangalizi wa miradi ya kilimo katika vijiji vya kaye de sharji. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nilifuata mashamba 24 ya mahindi msimu mzima na kuhesabu viwavi jeshi kila juma. Naweza kufundisha wakulima kuvitambua mbele havijaingia ndani ya moyo wa mmea.”

Ipime. Geuza: kuna watu wengi ambao hawakuhesabu viwavi. Mwambie mama: ataelewa, na pengine atauliza viwavi vinauawa na nini, na pale mazungumzo yameanza. Mwenye kuajiri naye anaona kama huyu mtu alisoma shida yake mbele ya kuomba falanga yake.

Hapa neno dogo juu ya “A0”. Matangazo mengi bado yanasema A0 ao A1, lugha ya sistemu ya zamani, ya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2 juu yake. Wadogo zetu wa LMD wanapata lisansi kwa miaka 3. Kwa hiyo leo neno “lisansi” liko na maana mbili katika mji mmoja, na katika katoni moja ya madosie. Usimwachie msomaji afanye hesabu. Andika “lisansi, sistemu ya miaka 5” ao “lisansi LMD”. Maneno mawili tu, na umemwondolea mashaka ambayo yangekutupa pembeni bila wewe kujua.

Wa masomo mengine wasifikiri hii ni mambo ya mahindi tu. Mwenye uchumi ambaye hajaajiriwa hata siku moja lakini anashika hesabu ya depo ya familia, anaweza kuandika: “Lisansi ya uchumi, natafuta nafasi ya kwanza ya msaidizi wa kompta katika biashara ya jumla. Miaka 2 ninashika kitabu cha kuingia na kutoka cha depo moja ya vinywaji. Ninafunga hesabu kila jioni na kuona stoki inapunguka fasi gani.” Mwalimu anayetaka kubadilisha kazi: “Mwalimu wa biolojia miaka 3, natafuta kazi ya kufundisha usafi na maji katika mitaa. Nimezoea kueleza mambo ya vijidudu kwa watoto 60 katika darasa moja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.” Hakuna mmoja kati yao aliyesema dinamiki. Lakini unaona watu wanaofanya kazi.

Najua maneno mutanijibu. La kwanza: “Niko bila eksperiansi.” Wengi wetu tunaposema eksperiansi tunafikiri kontra yenye muhuri. Mwajiri anataka kujua kama ulishafanya kitu mpaka mwisho, na matokeo yalikuwa nini. Staji ni kitu. Kazi ya mwisho wa masomo ni kitu, na pengine njo kitu kikubwa kuliko vyote, ju kuna hesabu ndani yake. Kushika mfuko wa michango ya matanga ya avenyu bila kupotea falanga moja ni kitu. Lakini usiongeze chumvi. Ukiandika mashamba 24 na yalikuwa 6, siku ya mahojiano mtu atakuuliza ulianza na lipi, na pale koti litapasuka. Sita ya kweli inatosha.

La pili linatoka kwa wenye kusoma shauri za watu wa nje: “Objektifu imepitwa na wakati, leo wanataka profili.” Kuna ukweli ndani. Mtu mwenye miaka 10 katika kazi ile ile, akiomba kazi ile ile, hana sababu ya kueleza anatafuta nini. Aweke kwa mistari mitatu yale alifanya, inatosha. Lengo la kazi linabaki na faida kwa mtu anayeanza na kwa mtu anayebadilisha njia, ju kwa hao wawili masomo peke yake hayaonyeshi wanaelekea wapi. Wengi wetu tuko pale. Na kama huna la kusema kwa ile nafasi, futa sehemu yote. Mstari mweupe haumchokeshi msomaji.

La tatu njo zito, na silikimbii: “Hata uandike namna gani, kazi ni ya mwenye mtu.” Wandugu, sote tunaishi hapa. Tumeona nafasi zinatangazwa na jina la atakayeingia limeshajulikana. Tumelipia kadi ya ONEM, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, fotokopi za diplome, na dosie ikaenda kulala. Kritiki ya sentensi moja haitaponyesha ugonjwa ule, na sitamdanganya mtu.

Lakini angalieni vizuri namna “mtu” anafanya kazi. Mjomba anapeleka dosie yako kwa rafiki yake. Rafiki anamuuliza nini? “Huyu mtoto anajua kufanya nini?” Na mjomba, ju hujampa neno, anajibu: “Ni mtoto wangu, amesoma, ni mtoto muzuri.” Hata mlango wa nyuma uko na lile swali la mama. Ukimpa mjomba sentensi anayoweza kubeba kwa mdomo, “anajua kufuata mashamba na kufundisha wakulima juu ya viwavi”, ataibeba. Na yule asiye na mjomba, je? Yeye sentensi yake njo mjomba wake mmoja tu. Ataipoteza kwa modeli ya sekretariati?

Tena kuna nafasi ambazo hazina mtu ndani: shirika dogo la wakulima, shule ya mtaa, depo, mwenye shamba anayetoka Likasi na hajui agronome hata mmoja. Katika katoni zetu mbili, ile kazi hakuna aliyekuwa amewekwa mbele. Ilienda kwa mmoja wa wale ambao kidole cha mzee kilirudi juu kwa ajili yao. Simjui huyo mtu, ninajua tu kama aliandika jina la kijiji na hesabu ya hektari.

Niseme na lile linalojificha chini ya ile sentensi tupu, ju nafikiri wote tunalijua. Chini yake kuna maneno mawili: kazi yoyote. Tukiulizwa nyumbani, “Unatafuta kazi gani?” tunajibu, “Kazi yoyote tu.” Ni njaa inasema, na njaa iko na haki yake, mama aliuza makala miaka 5 kwa minervali, mdogo anangoja zamu yake. Sitamcheka mtu anayesema kazi yoyote. Lakini mwajiri hana kazi yoyote. Yeye iko na kazi moja, ya fasi moja, inayoanza tarehe moja. Ukimwandikia kama unataka yoyote, anasikia kama huitaki hii yake. Unaweza kuomba kazi 10 tofauti kwa mwezi mmoja, hakuna ubaya. Andika basi malengo 10. Kila moja itaomba labda nusu saa. Tulingojea mikutano ya deliberasyo kwa miezi, nusu saa haitatuua.

Na kuna hatari nyingine, ya polepole. Mtu akiandika miaka mitatu kama yeye ni “dinamiki na motive” na hakuna anayejibu, anaanza kuamini kama ni yeye aliyekataliwa. Kumbe yeye hajasomwa bado. Waliruka modeli ya sekretariati. Yule aliyehesabu viwavi, aliyefunga hesabu ya depo, aliyesimama mbele ya watoto 60, hajaonekana kwenye meza ile hata siku moja.

Kwa hiyo leo jioni, mbele ya kwenda tena kwenye sekretariati, chukua karatasi ya kawaida. Andika kwa lugha ya nyumbani, kwa mkono: natafuta kazi gani, ninajua kufanya nini, nilifanyia wapi, wao wako na shida gani. Soma kwa sauti kwa mtu mmoja wa nyumbani ambaye hakusoma masomo yako. Akiuliza swali, usikasirike na usianze kumfundisha. Andika swali lake, kisha tia jibu ndani ya sentensi. Akinyamaza na kusema, “Aa, kumbe njo kazi yenyewe,” peleka katika Kifaransa, na umwambie kijana wa ordinatere afute ile ya mtu wa jana.